Somo: Jinsi Mwandishi wa Kujitegemea Anavyoweza Kupata Wateja kwa Zana za Bure za Mtandaoni

Wapo wakazi wengi wa Kaunti ya Kilifi wanaojipatia riziki kwa kuandika. Mmoja huandika maelezo ya bidhaa kwa ajili ya duka la mtandaoni, mwingine hutafsiri barua na fomu, na mwingine huandaa katiba za vikundi vya kina mama, hotuba za harusi na matangazo ya tanzia. Wengine wameandika kwa miaka mingi kwa niaba ya watu wasiowajua, kupitia mawakala, na hawajawahi kuona jina lao chini ya kazi hata moja.

Hapo ndipo penye tatizo. Mteja mpya akiuliza, "Naomba nione kazi uliyowahi kuandika," mwandishi wa aina hii hana cha kuonyesha. Ujuzi anao na uzoefu anao, lakini ushahidi hana. Akijiunga na mitandao yote na kujitangaza usiku na mchana, bado mteja hataona sababu ya kumwamini.

Kwa hiyo somo hili linafundisha jambo moja: mwandishi anahitaji kazi tatu nzuri zenye jina lake, ziwe mahali pamoja mtandaoni, na kila zana nyingine aitumie kuwaelekeza watu mahali hapo. Zana zote tutakazozitaja zinapatikana bila malipo. Gharama yako ni bando, muda na uangalifu.

HATUA YA KWANZA: Amua unauza nini

"Mimi ni mwandishi" ni maneno mapana mno. Mwenye nyumba ya wageni Watamu hatafuti mwandishi. Anatafuta mtu wa kumwandikia maelezo ya vyumba ili wageni waache kumpigia simu kila saa kuuliza mambo yale yale. Mwenyekiti wa chama cha wakulima wa maembe Magarini anatafuta mtu wa kumwandalia barua kwa mnunuzi, au maneno ya kubandika kwenye pakiti ya maembe makavu. Mtaje mteja, taja kazi, kisha taja lugha. Hii hapa mifano mitatu:

– Naandika maelezo ya nyumba za wageni na mikahawa ya Pwani kwa Kiswahili na Kiingereza.
– Natafsiri fomu, barua na vijitabu vya afya kutoka Kiingereza hadi Kiswahili na Kigiriama.
– Naandaa katiba, kumbukumbu za mikutano na maombi ya ufadhili kwa vikundi vya kujisaidia.

Usidharau lugha ulizozaliwa nazo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wamekubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya jumuiya, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha yake ya kazi. Mashirika yanayofanya kazi katika nchi hizi yana nyaraka za kutafsiriwa. Anayeandika Kiswahili sanifu bila makosa, na akajua pia namna mambo yanavyosemwa Ganze au Kaloleni, ana bidhaa ambayo mwandishi wa mbali hawezi kuitoa.

Sentensi yako ikishakaa sawa, iandike mahali utakapoiona. Utaitumia bila kuibadilisha katika kila zana inayofuata.

HATUA YA PILI: Andaa kazi tatu za kuonyesha

Kwa nini tatu? Kazi moja inaweza kuwa bahati, na kumi hakuna atakayezisoma zote. Tatu zinatosha kumwonyesha mteja kwamba unaweza kurudia ubora ule ule.

Kabla ya kuchukua kazi uliyoifanyia mteja wa zamani na kuiweka hadharani, jua sheria. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, haki ya kazi uliyoagizwa kuiandika huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba makala uliyoandika na kulipwa huenda si yako tena, hata kama kila neno lilitoka kichwani mwako. Muombe mteja ruhusa kwa maandishi, na ujumbe wa WhatsApp uliojibiwa ni bora kuliko kunyamaza. Kwa kazi zijazo, ongeza sentensi moja kwenye makubaliano: "Mwandishi anaruhusiwa kuonyesha kazi hii kama mfano wa kazi zake."

Kama huna kazi yoyote unayoruhusiwa kuonyesha, andika mpya. Huhitaji kusubiri kuajiriwa, kwani kaunti yetu imejaa mambo ya kuandikia. Mji wa kale wa Gede uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, na misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa mwaka 2008. Andika mwongozo wa ukurasa mmoja kwa mgeni anayefika Gede kwa matatu kutoka Malindi: ashukie wapi, avae viatu gani, atenge saa ngapi. Nenda ukaone mwenyewe na uulize, usinakili. Au andika maelezo ya jinsi ya kukausha maembe, baada ya kukaa na mtu anayefanya kazi hiyo.

Ubora wa mfano uko katika mambo mahususi. Tazama maelezo haya ya nyumba ya wageni ya kubuni:

"Karibu kwetu. Tuna vyumba vizuri, chakula kitamu na huduma bora. Nyote mnakaribishwa."

Maneno haya yanaweza kubandikwa kwenye nyumba yoyote kuanzia Mtwapa hadi Marereni. Sasa linganisha na haya:

"Tuna vyumba vitano, kila kimoja na feni na neti. Ufuo uko mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kiamsha kinywa ni mahamri, mbaazi na chai ya tangawizi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ili anayekwenda baharini mapema asiondoke na njaa. Maji ya bomba hukatika wakati mwingine, kwa hiyo tumeweka tangi. Gari moja linaweza kulala ndani ya ua."

Maelezo ya pili hayana neno la kujisifu, lakini msomaji amejua atalala wapi, atakula nini na gari lake litakaa wapi. Hata tatizo la maji limesemwa, na kusemwa kwake kunamfanya aamini mengine. Chini ya kazi kama hii andika wazi: "Huu ni mfano; nyumba hii ni ya kubuni." Kamwe usimdanganye mteja kwamba ulilipwa kuiandika.

Ukitumia picha ya mtu au kutaja habari zake, pata idhini yake kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa binafsi za watu, na picha ya mama aliye sokoni si mapambo ya kujichukulia tu.

Kuna njia nyingine ya kujenga ushahidi, nayo ni Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Mtu yeyote anaweza kufungua akaunti, kusahihisha makala na kuandika mpya kwa kufuata taratibu zake. Kila badiliko unalofanya huhifadhiwa katika historia ya ukurasa pamoja na jina la akaunti yako. Hulipwi, na huruhusiwi kuigeuza kuwa mahali pa kujitangaza wewe au mteja wako. Lakini mteja wa tafsiri akitaka kuona Kiswahili chako kikifanya kazi, una kitu cha kumwonyesha.

HATUA YA TATU: Ziweke mahali pamoja

Sasa kazi zako zinahitaji anwani. Chagua zana moja kati ya hizi.

Google Docs inafaa kwa anayeanza na anayetumia simu tu. Fungua hati moja, andika jina lako, ile sentensi yako, kazi zako tatu na namna ya kukupata. Ukiwa na akaunti ya Google unapata nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo, ambayo ni kubwa mno kwa maandishi.

Blogger, ambayo pia ni ya Google, hukupa ukurasa wenye anwani inayoishia na blogspot.com. Inafaa kama utaendelea kuandika makala mara kwa mara.

Google Sites hutengeneza tovuti ndogo nadhifu yenye kurasa chache. Kuijenga ni rahisi zaidi kwenye kompyuta, kwa hiyo panga siku moja ya kwenda saiba au maktaba ukiwa na maandishi yako tayari.

WordPress.com ina mpango wa bure wenye miundo mingi ya kuvutia, ila huweka matangazo yake kwenye kurasa zako.

Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Chagua unayoiweza leo. Unaweza kuhamia nyingine baadaye, maana kazi ni zako na maandishi unayo.

Mambo manne ya kuangalia kabla ya kumtumia mtu yeyote anwani hiyo:

1. Ruhusa ya kusoma. Hati ya Google hubaki ya faragha mpaka uifungue. Kwenye sehemu ya kushiriki, chagua kwamba yeyote mwenye kiungo anaweza kusoma, lakini asiweze kuhariri. Ukisahau, mteja ataambiwa aombe ruhusa, na wengi hawataomba. Wataendelea na shughuli zao.

2. Jaribio la simu ya jirani. Mpe mtu mwingine kiungo akifungue kwa simu yake. Simu yako inakutambua, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha anachokiona mgeni.

3. Uzito wa picha. Picha kubwa humaliza bando la mteja na kuchelewesha ukurasa. Picha moja ya uso wako, iliyopunguzwa, yatosha.

4. Njia ya kukupata. Weka barua pepe na nambari ya kazi. Usiweke nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa wala mahali hasa unapoishi. Kutaja mji au kaunti ndogo kunatosha.

Barua pepe yenyewe iwe na jina lako halisi. Anwani ya utani uliyofungua ukiwa shuleni haifai kwenye ankara.

HATUA YA NNE: Elekeza kila njia kwenye anwani hiyo

Hapa ndipo wengi huanza, kisha wakashangaa kwa nini hawapati kitu. Mitandao ni barabara, na barabara haina faida kama mwisho wake hakuna duka. Wewe sasa una duka.

WhatsApp Business ni programu ya bure, tofauti na WhatsApp ya kawaida. Hukuruhusu kuweka maelezo ya biashara, saa za kazi, orodha ya huduma na majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia. Unaweza pia kuyapa mazungumzo alama, kama vile "mteja mpya" au "malipo bado". Kumbuka kwamba nambari moja haiwezi kutumika kwenye programu zote mbili kwa wakati mmoja. Mwenye simu ya laini mbili anaweza kutenga moja kwa kazi na nyingine kwa familia.

LinkedIn ndiko waliko mameneja wa mashirika, wahariri na wenye kampuni. Mahali pa cheo chako weka ile sentensi ya hatua ya kwanza badala ya "natafuta kazi". Weka kiungo cha kazi zako mahali pa kuonekana. Mara moja kwa wiki chapisha jambo dogo la manufaa, kwa mfano makosa matatu ya Kiswahili yanayoonekana mara nyingi kwenye mabango, au njia fupi ya kuandika bei ili mteja asichanganyikiwe.

Facebook ina makundi ya mitaa, ya wafanyabiashara na ya wakulima, na hapo ndipo wateja wa karibu walipo. Usibandike tangazo moja katika makundi ishirini, kwa kuwa utafukuzwa. Jibu swali la mtu vizuri. Akitaka zaidi, atafungua ukurasa wako.

Sahihi ya barua pepe ni tangazo lisilokuwa na gharama. Kila barua unayotuma iishie kwa jina lako, huduma yako na kiungo chako.

Kuhusu ukurasa wa biashara kwenye ramani za Google, taratibu zake zinataka biashara iwe inakutana na wateja ana kwa ana. Kama una meza au ofisi watu wanakokuja, jiandikishe. Kama kazi yako yote ni ya mtandaoni, zana hiyo haikuhusu.

Tumia jina moja na picha moja kila mahali. Mteja akikuona LinkedIn kwa jina moja na WhatsApp kwa jina la utani, atadhani ni watu wawili, au ni mtu anayejificha.

HATUA YA TANO: Mfuate mteja ulipo

Ukurasa haupigi hodi. Ni lazima uandike ujumbe na kuutuma, na ujumbe mzuri huanza kwa kumchunguza mteja. Ramani za Google zitakuonyesha nyumba za wageni, mikahawa na maduka ya eneo lako. Soma maelezo yao na maoni ya wageni. Google Alerts nayo hukuletea barua pepe kila kurasa mpya zinapotaja neno ulilolichagua, kwa mfano "Watamu" au "tafsiri Kiswahili".

Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

"Hujambo Mama. Naitwa (jina lako), ni mkazi wa Gede, naandika maelezo ya nyumba za wageni. Nimesoma ukurasa wa nyumba yako kwenye ramani ya Google. Hausemi kama kuna mahali pa kuegesha gari, na naona wageni wawili wameuliza. Nimekuandikia upya aya ya kwanza, nayo ni yako bila malipo: (kiungo). Ukiipenda, naweza kuandika ukurasa mzima kwa Kiswahili na Kiingereza. Kazi zangu nyingine ziko hapa: (kiungo). Asante, na samahani kwa kukuingilia."

Ujumbe huu unamsalimu kwa heshima, unaonyesha kwamba umesoma habari zake, unampa kitu kidogo na haumlazimishi. Badilisha salamu kulingana na mtu, kwa sababu mzee wa kijiji hasalimiwi kama kijana mwenzako. Lakini aya moja ya bure isigeuke kuwa kurasa kumi za bure. Mteja akitaka "jaribio" refu, mtajie bei.

Weka daftari la mawasiliano. Google Sheets ni ya bure na inatosha. Tengeneza safu tano: tarehe, jina la mteja, ulichomtumia, jibu lake, na siku ya kumkumbusha. Mkumbushe mara moja baada ya wiki, kisha mwache. Bila daftari utamtumia mtu mmoja ujumbe mara tatu, na aliyesema "nitafute mwezi ujao" utamsahau.

Usikate tamaa kwa kunyamaziwa. Wengi watakaopokea ujumbe hawatajibu. Baada ya jumbe kumi angalia daftari lako: ni nani waliofungua mazungumzo, na uliwaambia nini? Hapo utajua cha kurekebisha.

KUHUSU ZANA ZA AKILI BANDIA

Zana kama ChatGPT na Gemini zina matumizi ya bure, na wapo wanaouliza kama bado mwandishi anahitajika. Zinaweza kukusaidia kupanga mawazo au kutafuta makosa ya tahajia. Lakini hazijafika Gede, hazijui kwamba maji hukatika, na Kiswahili chake wakati mwingine hukosea upatanisho wa ngeli au hutumia maneno ambayo hakuna mtu wa Pwani angeyasema. Pia hutoa habari za uongo kwa lugha ya kujiamini. Soma kila neno kabla ya kuweka jina lako, usibandike humo nyaraka za siri za mteja, na akikuuliza kama umezitumia, mwambie ukweli.

JIHADHARI

Penye wanaotafuta kazi, matapeli hawakosekani. Zingatia haya:

– Kazi halali haikutozi ada ili uajiriwe. Anayedai "pesa za usajili" au "za mafunzo ya lazima" kabla ya kazi, achana naye. Baadhi ya majukwaa halali huuza nafasi za kuomba kazi; soma masharti yake kwanza na usitumie pesa usizoweza kupoteza.

– Usikodishe wala kununua akaunti ya mtu mwingine. Siku ikifungwa, kazi na pesa zilizomo hupotea, na huna wa kumlalamikia kwa kuwa jina si lako.

– Usimpe mtu nenosiri, PIN ya M-Pesa wala nambari ya uthibitisho inayotumwa kwa simu yako, hata akisema ni ya "kuhakikisha malipo".

– Ukiambiwa umelipwa, angalia salio lako mwenyewe. Ujumbe wa malipo unaweza kughushiwa.

– Kwa mteja mpya, omba nusu ya malipo kabla ya kuanza. Andikeni kazi ni ipi, ni maneno mangapi, itakamilika lini na itasahihishwa mara ngapi.

– Jiepushe na kuwaandikia wanafunzi kazi zao za chuo. Biashara hii imewavuta vijana wengi nchini Kenya. Zaidi ya kuwa ni udanganyifu, ni kazi isiyojenga jina: hutaweza kamwe kuionyesha. Australia ilitunga sheria dhidi ya huduma hizo mwaka 2020, na Uingereza ikazipiga marufuku katika England kwa sheria ya mwaka 2022. Soko hilo linazidi kubanwa, na anayelitegemea hana pa kuegemea siku likifungwa.

Ukitapeliwa, hifadhi jumbe zote na upige ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Ulaghai wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni ushuru. Mapato ya uandishi ni mapato kama mengine. Kila mwenye PIN ya KRA anapaswa kuwasilisha ritani ya mwaka kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Ukiweka ankara na kumbukumbu za malipo tangu mwanzo, kazi hiyo haitakusumbua. Zile safu za Google Sheets zinaweza kuongezewa moja ya malipo.

KUPUNGUZA GHARAMA

Andika bila intaneti. Google Docs inaweza kuwekwa ili hati zifunguke hata ukiwa nje ya mtandao, kisha zihifadhiwe utakapounganishwa. Kusanya shughuli zote za mtandao na uzifanye kwa saa moja badala ya kuwasha data siku nzima. Uliza katika maktaba za umma na vituo vya Ajira kama kuna kompyuta na intaneti unayoweza kutumia. Mpango wa kitaifa wa Ajira Digital, ulioanza mwaka 2016, hutoa mafunzo ya kazi za mtandaoni bila malipo, na uandishi na tafsiri ni miongoni mwa kazi hizo. Mtu akikudai pesa kwa jina la mpango huo, usitoe.

ZOEZI LA WIKI NNE

Wiki ya kwanza: Andika sentensi ya huduma yako. Msomee mtu asiyejua kazi yako. Akishindwa kukueleza unamwandikia nani na unaandika nini, iandike upya. Anza mfano wa kwanza.

Wiki ya pili: Maliza mifano mitatu. Mpe mtu mwingine aisome, hasa anayejua lugha vizuri kuliko wewe, na usahihishe bila kununa.

Wiki ya tatu: Fungua ukurasa wako, fanya jaribio la simu ya jirani, kisha weka kiungo kwenye WhatsApp Business, LinkedIn, Facebook na sahihi ya barua pepe.

Wiki ya nne: Chagua wateja kumi wa karibu nawe. Wachunguze na uwatumie ujumbe mbili kila siku, kwa siku tano. Kila mmoja apate ujumbe wake, si wa kunakiliwa. Jaza daftari.

Mwisho wa wiki ya nne huenda ukawa na mteja, na huenda bado. Lakini akitokea wa kuuliza, "Naomba nione kazi uliyowahi kuandika," utamtumia kiungo siku hiyo hiyo, chenye jina lako juu yake. Badilisha mfano mmoja kila baada ya miezi mitatu, ukiondoa ulio dhaifu na kuweka kazi mpya uliyoruhusiwa kuonyesha.

Ukimaliza kusoma somo hili, mpe jirani anayeandika. Kama mko watatu au wanne katika kijiji kimoja, fanyeni zoezi pamoja: mtasomeana kazi, mtagawana bando, na mmoja wenu akipata kazi iliyozidi uwezo wake atajua wa kumgawia.